Tuta la Msiba

Jumatatu, 12 Januari

Mzunguko wa leo: Chapwa, Katete, Sogea. Nimeanza Chapwa kabla jua halijachoma. Miche ya kabichi imeota vizuri ila wanaizidishia maji, imelegea shingo. Nimewaambia wapunguze. Mzee wa pale akasema maji ni ya bure. Nikamjibu hapo ndipo penye tatizo.

Katete: konokono kwenye figiri. Wanawaokota kwa mkono asubuhi na kuwatia kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Sawa. Wasiache.

Sogea nimeiweka mwisho kama kawaida, maana pale huwa sitoki haraka. Katika mashamba yote ya jamii ambayo umoja wa vikundi umenipa kuyazungukia, hili ndilo linalonifurahisha. Liko bondeni, nyuma ya yadi ya malori. Wanachama karibu wote ni akina mama, kila mmoja na matuta yake. Juu kabisa, pale wanapoingilia, kuna tuta moja refu lisilo la mtu. Wanaliita tuta la msiba. Wanalipanda wote, wanalipalilia wote, na haliguswi mpaka afe mtu wa kwao. Siku hiyo linakatwa lote na mboga zinakwenda kwenye sufuria za msibani. Tunduma imejaa watu waliotoka mbali, wengi hawana shangazi wa kuwaletea mboga wakifiwa. Tuta ndilo shangazi.

Leo nimekuta udongo wa tuta hilo umechokonolewa mstari mzima na kufukiwa upya. Mama Zuhura akanivuta mkono. Ni mtu wa Kigoma, anauza mboga upande wa Zambia, Nakonde, na amechukua maneno ya kule, ananiita bamayo, yaani mama. "Njoo uone, bamayo. Lori limelala, sisi tumeamka!" Wenzake wakacheka.

Ijumaa iliyopita lori lilianguka ubavu kabla ya kufika Mpemba, mifuko ikapasuka. Watu wakakimbilia na mabeseni na salfeti. Msimu huu wa kukuzia mahindi malori ya mbolea yanapita hapa kila siku kwenda Zambia, kwa hiyo hakuna aliyeuliza ni nini. Mbolea. Mama Zuhura na wenzake wawili wakapata salfeti mbili. Wengine walitaka kugawana. Mwenyekiti wao, Mama Namwinga, akakataa. Akasema kitu cha kuokota barabarani hakina mwenyewe, basi kiende kwenye tuta ambalo nalo halina mwenyewe. Wakakubaliana. Wakaifukia kwenye mashina.

Kilichobaki kimo kwenye salfeti bandani. Nimefungua. Vibapa vya rangi ya njano, vinanata, vinanuka yai bovu. Mbolea ya kukuzia naijua, ni punje nyeupe. Nimeuliza jina. Hakuna anayelijua, mifuko yenye maandishi ilibaki barabarani.

Sikuipenda ile harufu. Nimenawa mara mbili. Mama Zuhura amenipa fungu la chainizi kutoka tuta lake mwenyewe. Tumekula jioni, mimi, mume wangu Festo na binti yetu Anna.

Jumanne, 13 Januari

Mpemba tu. Wanahitaji mbegu za mnavu. Hakuna jipya.

Harufu ile bado iko puani. Au ni mawazo yangu.

Jumatano, 14 Januari

Leo si siku ya Sogea. Nimekwenda.

Minyoo imekufa juu ya tuta la msiba. Mingi. Imetoka ardhini na kufia juu, imekauka kama kamba za viatu. Mboga zenyewe ziko wima, kijani kibichi, majani mapana. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Zinapendeza.

Mfereji unaanzia pale juu na kushuka hadi kwenye matuta mengine yote. Jirani wa chini anafuga bata. Wawili wamekufa tangu jana, walikuwa wanakunywa mferejini. Anasema ni kideri. Kideri huanza na kuku, na kuku wake wanapiga kelele ukutani, wazima kabisa.

Mama Zuhura ananyonyoka ngozi za vidole. Nimemshika mkono kuangalia, akaunyakua. "Sabuni za magendo hizi, bamayo. Zinafua nguo pamoja na mwenye nguo." Hakucheka mwisho kama anavyochekaga.

Nimepiga picha ya vile vibapa na kumtumia kaka Elia. Yuko Mkwajuni, anafanya kazi kwenye mtambo wa kuosha marudio, ule mchanga ambao dhahabu yake imeshatolewa mara moja. Dawa kali anazijua, anazishika kila siku. Amenipigia papo hapo, hata salamu hakutoa. Ameniuliza nimeshika kwa mkono mtupu? Nikasema nilifungua salfeti tu. Akasema hii siyo dawa wanayotumia wao, lakini migodi ya Zambia na Kongo ina dawa za aina nyingi na zote zinapita hapo kwenu. Nisiguse. Nisichome moto. Mtu asile.

Nikamuuliza, zikioshwa vizuri je? Akasema, "Sijui, mdogo wangu."

Kaka yangu hajawahi kusema sijui. Hata utotoni alikuwa anabuni jibu.

Nimemtazama Anna anavyokula uji. Nimemshika tumbo. Akauliza, mama, unatafuta nini? Chainizi ya Jumatatu ilitoka tuta la Mama Zuhura, siyo la msiba. Lakini ni mfereji mmoja.

Naogopa. Naandika wazi.

Alhamisi, 15 Januari

Asubuhi nimekwenda kumtafuta bwana shamba. Yuko Kamsamba kwenye mashamba ya mpunga, mpaka wiki ijayo. Simu yake haipatikani. Nimeacha ujumbe. Kijana niliyemkuta akasema nilete sampuli. Niibebe kwenye nini? Kwenye mkoba wangu wenye daftari na chakula cha mchana?

Mchana nyumbani kwa Mama Namwinga. Ni jirani kabisa na shamba, hatua chache kupanda juu. Hajaonekana bondeni tangu wiki iliyopita kwa sababu ya mumewe, Mzee Simfukwe. Mzee anaumwa mwaka wa pili sasa. Miguu imevimba, pumzi inamkata. Nimemkuta Mama anamgeuza kitandani peke yake. Nikamsaidia. Mwili mwepesi, miguu mizito.

Tulitoka nje, nikamweleza yote. Minyoo, bata, vidole, kaka Elia. Alisikiliza akikunja na kukunjua khanga yake. Hakubisha. Akauliza, "Kwa hiyo mimi ndiye nimetia?" Nikasema hakuna aliyejua, Mama. Akasema, "Niliamua mimi, mwanangu. Wao walitaka kugawana."

Ameniomba kitu kimoja. Nisiwaambie wanachama. Jumamosi ni siku yao ya kulima pamoja, atashuka mwenyewe, atasimama mbele ya tuta na kuwaambia kwa mdomo wake. Nikisema mimi, mtu wa kuja na kuondoka, wataanza kutajana nani alibeba na nani alimwaga. Tuta lenyewe haliwezi kukatwa, hakuna msiba. Siku mbili tu.

Nimekubali. Nilipokuwa natoka nikaona amekwisha kurudi kwa mzee.

Festo anasema nimekosea kukubali. Pia anasema nisilitamke lile neno hovyo. Hapa mtaani ukisema sumu, mtu wa kwanza kukujibu atauliza ni nani. Anakumbuka kijana wa yadi ya kwao aliyeumwa tumbo, wakampiga mtu ambaye alikuwa amempa chai tu. Nakumbuka mimi pia. Yule mtu hakai tena Tunduma.

Ijumaa, 16 Januari

Mvua tangu alfajiri. Sikwenda popote.

Nawaza mfereji. Maji yanatoka tuta la msiba, yanashuka kwa Mama Zuhura, yanashuka kwa wengine, yanashuka kwa jirani wa bata, kisha yanaingia kijitoni. Kijito kinapita Katete. Katete ndiko wanakoosha figiri.

Nimewapigia Katete, nimewaambia waoshee maji ya bomba. Wameuliza kwa nini. Nimesema konokono. Uongo wa kwanza.

Jumamosi, 17 Januari

Mzee Simfukwe amefariki alfajiri.

Nimepigiwa na Mama Zuhura. Analia kwenye simu, na nyuma yake nasikia wengine wanalia. Halafu katikati ya kilio akasema, "Tuta lipo, alhamdulillahi. Mwenyekiti wetu hataaibika." Nilikaa chini sakafuni.

Mchana msibani. Turubai limefungwa hadi barabarani. Wanamsubiri mtoto wa kwanza wa marehemu kutoka Kitwe, mazishi ni Jumatatu. Leo wanakula ugali na maharage. Mboga zitakatwa kesho asubuhi. Nimesikia wakigawana kazi: nani alete visu, nani mabeseni. Watu watakuwa mia na zaidi. Watoto wamejaa.

Nimeingia ndani. Mama Namwinga yuko kwenye mkeka, amefunikwa khanga hadi machoni, wanawake wamemzunguka wamebanana. Wifi yake, dada wa marehemu, amekaa kichwani pake kama mlinzi. Nimetambaa hadi nikamfikia. Nikamwambia sikioni: Mama, kesho wanakata tuta. Hakujitikisa. Nikarudia. Wifi akanishika bega. "We mama, mfiwa haulizwi habari za shamba. Toka umpishe apumue."

Sijui kama alinisikia. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yananiangalia.

Nikamtoa Mama Zuhura pembeni, nyuma ya sufuria. Nikamwambia polepole. Ile siyo mbolea. Tusikate. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaangalia vidole vyake, akavificha kwenye khanga. Kisha uso ukabadilika.

"Nani kabeba ile kitu kutoka barabarani?"

Nikasema najua ni wewe, siyo hilo ninalosema.

"Nani kaimwaga kwa mkono wake? Mimi. Kwa hiyo unasema Zuhura wa Kigoma amewatilia watu sumu. Sema kwa sauti, wasikie!"

Nikamwomba ashushe sauti. Akasema mimi nataka mwenyekiti wao alishe wageni wa Kitwe maharage matupu kama wafungwa. Akasema nimesoma mpaka kidato cha nne na nimeona minyoo tu. Akaondoka. Hakuniita bamayo.

Bwana shamba bado hapatikani.

Festo ananiambia: kesho ukifungua mdomo, uwe na jibu la nani. Sina jibu la nani. Jibu ninalo la nini tu, na hata hilo sijui jina lake.

Naogopa nikisema. Naogopa nisiposema. Hofu hizi mbili hazilingani. Ya pili ina watoto ndani yake.

Jumapili, 18 Januari

Naandika jioni.

Nilifika bondeni wa kwanza. Nikasimama juu, mbele ya tuta, na buti zangu za mvua. Mboga zilikuwa zimenyweshwa na mvua ya Ijumaa, zinang'aa. Nilitamani ziwe zimekauka. Zingekauka, nisingehitaji kusema neno.

Walikuja kwa mstari, wanaimba wimbo wa kwaya wa maziko, mabeseni kichwani. Mama Zuhura katikati, yeye haimbi lakini anapiga makofi kuwafuatisha. Waliponiona wakadhani nimekuja kusaidia. Mmoja akanipa kisu.

Nikasema msikate.

Nilipanga kusema vizuri, kwa utaratibu, kuanzia lori. Sikuweza. Nilisema vipande. Minyoo. Bata. Dawa ya mgodini.

Wakaanza wote pamoja. Wewe ni nani wa kutukataza tuta letu? Ungesema tangu Jumatatu! Tumeifukia wenyewe, mbona sisi wazima? Mama mmoja mnene, sijui jina lake, akasema kwa utulivu kabisa, "Hebu ngojeni. Mzee alikuwa anapelekewa mboga kutoka hapa. Nani alikuwa anampelekea?"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikaona kitu nilichokuwa nakihofia kimefika, kimesimama katikati yetu. Wote wakageuka. Mama Zuhura ndiye aliyekuwa anapeleka. Kila wiki, kwa wema wake, fungu la mchicha. Mtu wa kuja. Asiye na ndugu hapa. Na vidole vyake vinanyonyoka.

Nikapiga kelele kwamba mzee aliumwa miaka miwili na lori lilianguka juzi. Hakuna aliyesikia. Mtu alimvuta Mama Zuhura khanga. Beseni likaanguka. Mmoja akasema aitwe mtoto wa marehemu, aitwe yule wa Kitwe aje amsikie. Mama Zuhura hakusema lolote. Mwanamke ambaye hajawahi kukosa neno. Alikuwa ananitazama mimi tu.

Mimi ndiye niliyemweka pale. Sikumtaja, lakini nilimweka.

Ndipo tukamwona Mama Namwinga anashuka.

Mfiwa hatoki. Maiti ya mume ikiwa ndani, mke hatoki hata mlangoni, anatolewa siku ya kwenda kaburini. Kila mtu pale analijua hilo, Mkristo na Mwislamu. Alikuwa anashuka kile kiteremko pekupeku, matope hadi kwenye vifundo, khanga imemwanguka mabegani, kichwa wazi. Wifi yake nyuma yake anamshika mkono, anamvuta, anapiga kelele: "Unamwacha ndugu yangu peke yake ndani? Unamwacha na nani?"

Mama Namwinga hakusimama mpaka alipofika kwenye tuta. Akamgeukia wifi yake. Sauti haikuwepo, ilikuwa imeisha kwa kulia, ilibidi sote tunyamaze ndipo tumsikie.

"Ndugu yako hali tena, wifi. Hawa watakula."

Kisha akatuambia sisi. Mbolea ile aliamua yeye. Wenzake walitaka kila mmoja achukue kidogo, yeye ndiye aliyesema iwekwe hapa. Mama Anna alimwambia tangu Alhamisi, na yeye ndiye aliyemfunga mdomo. Anayetafuta mtu wa kumshika, amshike yeye, na asubiri mpaka amzike mumewe. Akasogea akasimama kando ya Mama Zuhura, bega kwa bega. Akamrudishia khanga kichwani. Yeye mwenyewe kichwa wazi.

Hakuna aliyesogea. Yule mama mnene akaangalia chini.

Tumekata miiba, tumezungushia tuta lote. Tumeziba mfereji kwa udongo na mawe. Salfeti ya bandani tumeifunika kwa bati, hatukuigusa. Hakuna jani lililokatwa.

Mama Namwinga alirudishwa juu na wifi yake. Walipanda bila kushikana.

Jumatatu, 19 Januari

Mazishi. Watu wengi. Ugali na maharage tena. Nikiwa kwenye foleni ya kunawa nikasikia nyuma yangu: "Msiba wa mwenyekiti wa mboga, hauna mboga!" Wakacheka chinichini. Nilitaka kulia, na nilitaka kucheka pia. Nilihesabu watoto waliokuwa wanakula, nikaacha.

Kaburini ukoo haukumweka Mama Namwinga mbele. Walimweka nyuma ya wifi zake, na zamu ya kutupa udongo ikampita. Alikuwa ameshika bonge la udongo mkononi. Mpaka tunaondoka alikuwa bado amelishika.

Mama Zuhura aliosha vyombo siku nzima, kitambaa kimefungwa mkononi. Hakunisalimia.

Jumatano, 21 Januari

Bwana shamba amerudi. Alikwenda na glavu na barakoa, akachukua udongo, majani, na kilichobaki kwenye salfeti. Sampuli zinapelekwa Mbeya. Amesema nilifanya vyema kuzuia. Nilimuuliza ni nini, akasema hawezi kubahatisha. Naye pia hajui.

Amesema shamba lote la Sogea lisivunwe mpaka majibu yarudi. Lote. Akina mama wanategemea mboga hizo. Wapo wanaosema hadharani kwamba nimewafungia riziki kwa sababu ya bata wawili. Bata wamefika watatu.

Kama majibu yakija kwamba haina neno? Nitakuwa nimeharibu msiba, nimemtoa mfiwa nje, nimempa mwanamke asiye na kosa jina ambalo halifutiki. Nimewaza hivyo nikajikuta naomba iwe sumu. Nimeshtuka. Nikaomba msamaha.

Jumamosi, 24 Januari

Majibu bado.

Chapwa miche imesimama. Katete konokono wamepungua. Nimewaeleza Katete ukweli kuhusu kijito. Mmoja akasema, "Na wewe ukatuambia konokono."

Anna ana mafua tu, ndivyo alivyosema daktari. Karibu nimwamini.

Alhamisi, 29 Januari

Majibu bado.

Leo nimekwenda kumsalimia Mama Namwinga. Ukoo umemwambia akae ndani muda mrefu kuliko wajane wengine, kwa lile la Jumapili. Yuko chumba kile kile, kitanda kimetolewa, amebaki na mkeka. Amekonda. Tulikaa. Hakutaka kuzungumza habari za tuta, na mimi sikutaka. Alinionyesha shati la mzee analolirekebisha limfae mjukuu. Mshono wake mzuri, mdogomdogo.

Nilikuwa sijui kwamba Mama Zuhura yupo. Alitoka jikoni na chakula, akatuwekea chini katikati. Ugali, na bakuli la mboga za majani zilizoungwa kwa karanga. Vidole vimeanza kuota ngozi mpya, nyekundu. Hakuondoka. Alisimama pale mlangoni.

Niliziangalia zile mboga. Siwezi kuacha kuliandika, niliziangalia kwa muda. Mjini hapa mboga inaweza kuwa imetoka popote.

"Zimetoka Mlowo, bamayo," akasema Mama Zuhura. "Au niape?"

Mama Namwinga alinawa, akamega tonge, akachota mboga nyingi, akala yeye kwanza, taratibu, akinitazama usoni. Kisha akasukuma bakuli kidogo upande wangu.

Nikanawa. Nikamega.

Mama Zuhura akavuta kigoda akakaa nasi. Tukala watatu. Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Chumvi ilizidi kidogo. Sikusema.